Parokia ikimtuma mama kutetea mabinti, iulize nani amebaki na wa kwake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba mwanamke aliyeolewa hana sababu ya kuzunguka vijijini kupinga ukeketaji kwa jina la kanisa. Kwa maoni yake kazi hiyo waachiwe masista, ambao hawana mume wala mtoto wa kumwacha nyumbani, na mama mwenye familia atulie kwake alee. Barua ile ilisomwa kwa sauti katika chumba chetu cha walimu, na baadhi ya wenzangu wakanigeukia, maana wanajua mke wangu anafanya kazi gani. Siku ile sikutaka kujibu kwa hasira. Najibu sasa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tarime, Mkurya na Mkatoliki. Mke wangu ni kiongozi wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, katika parokia yetu, na amekuwa akiwatetea mabinti wasikeketwe tangu binti yetu mkubwa akiwa bado ananyonya. Tuna mabinti wawili na mvulana mmoja. Haya ninayoyaandika ameyasoma na kuridhia yachapishwe.

Nianze na hilo la masista. Hakuna mtu wa Tarime mwenye akili zake atakayewadharau. Masista waliohudumu katika kituo cha Masanga, kinachowahifadhi mabinti wanaokimbia kukeketwa, wamewapokea mabinti kwa mamia, wakawalisha, wakawafundisha, na wametukanwa kwa ajili ya kazi hiyo. Lakini yeye aliyeandika barua ile hajawahi kuketi kwenye boma la Mkurya akasikia sista anajibiwaje. Anaambiwa kwa upole kabisa, "Sista, wewe hujazaa. Huijui aibu ya kuwa na binti asiyeolewa." Mazungumzo yanaishia hapo, chai inaletwa, na binti anakwenda kukatwa juma linalofuata.

Mke wangu hawezi kujibiwa hivyo. Niliwahi kumsindikiza kwenye boma moja upande wa Nyamwaga. Mimi nilibaki nje na baba mwenye nyumba tukizungumzia bei ya mahindi, na yeye akaenda kuketi na mama jikoni. Nilimwona kupitia mlangoni: akavuta kigoda, akachukua gunzi, akaanza kupukuchua mahindi pamoja na yule mama, wala hakutaja neno ukeketaji mpaka ungo ulipokaribia kujaa. Yule mama ndiye aliyeanza. Akamuuliza kwa Kikurya, "Na wa kwako je?" Mke wangu akamjibu, "Wa kwangu hawajakatwa na hawatakatwa. Unawaona kanisani." Kisha wakaendelea na mahindi.

Hilo ndilo swali la kwanza kila anapokwenda, na jibu lake lina uzito kwa sababu watu wanatujua. Wanajua ng'ombe niliotoa kwao, wanajua mabinti zetu wanasoma wapi, wanajua nani katika ukoo wetu ametugomea. Nyumba yetu ndiyo ushahidi anaokwenda nao. Kwa hiyo anayesema mama achague kati ya nyumba na kazi hii ameanza vibaya, kwa sababu bila nyumba hiyo kazi yenyewe haina miguu. Ila na mimi ninalo la kuwaambia wanaomtuma mke wangu, na hilo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu: wanaitumia nyumba yetu bila kuihesabu.

Kwa wasomaji walio mbali na huku, naomba nieleze Desemba ya kwetu ilivyo. Shule zimefungwa. Koo nyingi za Wakurya huwa na msimu mkubwa wa tohara katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Wazee wa mila wakishatoa ruhusa, barabara zinajaa ngoma, na mabinti wanatembezwa wamevishwa kanga mpya na noti zimebandikwa kichwani na kifuani. Tangu sheria ya mwaka 1998 iliyofanya kumkeketa binti wa chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, lenye kifungo cha miaka mitano hadi kumi na mitano, mengi yamehamia gizani. Ngariba huja alfajiri, au binti huvushwa mpaka pale Sirari akakatwe upande wa Kenya kwa ndugu. Ndiyo maana simu ya mke wangu huita saa nane za usiku. Si kwamba hajui kupanga ratiba yake. Anayekimbia hukimbia usiku.

Na akikimbia, mara nyingi hufikia kwetu kwanza. Kituo kiko mbali, bodaboda hakuna saa hizo. Analala kitanda kimoja na binti yetu mdogo. Asubuhi anakunywa uji na watoto wetu, kisha mke wangu anampeleka polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, anaandikishwa, ustawi wa jamii wanaarifiwa, ndipo apelekwe kituoni. Uji huo, nauli hiyo na vocha ya kuwapigia wote hao vinatoka kwenye mshahara wa mwalimu. Sinung'uniki kwa hilo. Mtoto akibisha hodi usiku huwezi kumuuliza bajeti.

Ninalotaka lijulikane ni hili: Desemba hiyo hiyo, wakati mke wangu yuko kituoni akiwalinda mabinti wa wengine, mabinti zetu ndipo wanapokuwa hatarini zaidi. Mwaka mmoja, mama yangu mzazi alikuja bila taarifa. Alishuka kwenye bodaboda na kuku mmoja na mfuko wa plastiki. Wajukuu wakamkimbilia. Akasema amekuja kuwachukua wakale Noeli kwa shangazi yao, kwa kuwa mama yao hayupo na mimi mwanamume peke yangu nitawapikia nini. Maneno ya bibi yeyote. Ila mfuko ule ulikuwa na doti mbili za kanga, mpya, bado zina gundi ya dukani, moja kwa kila binti. Mkurya yeyote anajua kanga mpya za Desemba kwa binti wa miaka kumi na moja ni za nini.

Nilimchinjia mama yangu kuku mwingine, nikampikia, akala. Kisha nikawatuma watoto kwa jirani, nikamwambia kwamba wajukuu hawatakwenda. Alilia. Mama yangu si mtu mbaya. Anaogopa kweli kwamba mabinti hawa hawatahesabiwa kuwa wanawake mbele ya wakwe, kwamba mahari yao itapungua, na kwamba watu watamsema yeye na si mimi. Aliniuliza kama nimeolewa na mke wangu au nimemwoa. Nikamshika mikono, nikamwambia nimemwoa, na ndiyo maana nabaki na watoto wake.

Sasa najiuliza, na namuuliza paroko na viongozi wote wa walei: kama siku ile ningekuwa safarini kusahihisha mitihani, nani angekuwa mlangoni? Katika orodha ya Desemba ya parokia kulikuwa na jina la dereva, jina la mpishi, jina la atakayefundisha nyimbo. Hakukuwa na mstari wowote kuhusu nyumba za akina mama wanaokwenda kukaa kituoni majuma kadhaa. Hakuna aliyepiga simu kuuliza, "Mwalimu, mabinti wako wako na nani?"

Wala si parokia peke yake. Kuna ofisi moja ya miradi ya kanisa, sitaitaja, iliyomwita mke wangu kwenye semina siku mvulana wetu amelazwa na malaria. Alipoomba udhuru akajibiwa kwamba jina lake limeshapelekwa kwa wafadhili, na kwamba kazi ya Mungu inataka sadaka. Neno hilo sadaka ninaliheshimu. Lakini sadaka hutolewa na mwenye mali. Muda wa mama kwa mtoto mgonjwa ni mali ya mtoto pia, na mtoto huyo hakuulizwa na mtu. Mke wangu hakwenda. Mwaliko wa semina iliyofuata haukumfikia.

Wanaopenda kutupa vifungu vya Maandiko wakitaka tunyamaze, nawaomba wafungue Kutoka sura ya 18. Sote tunajua nusu ya pili ya sura hiyo, pale Yethro anapomkuta Musa ameketi tangu asubuhi hadi jioni akiamua mashauri ya watu, akamwambia kwamba atajidhoofisha yeye na watu wake, basi achague wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi wamsaidie. Hutajwa katika kila semina ya uongozi. Nusu ya kwanza hatuisomi. Yethro hakuja jangwani kutoa semina. Alikuja kumrudishia Musa mkewe Sipora na wana wao wawili, Gershomu na Eliezeri, ambao Musa alikuwa amewarudisha kwa baba mkwe wake. Mtu aliyeitwa na Mungu kuwatoa Waisraeli utumwani alikuwa anaishi bila mkewe na wanawe, na mzee mmoja ndiye aliyefunga safari na kuwaleta mpaka kambini. Siku ya pili yake ndipo alipomfundisha kugawa kazi. Naamini mambo hayo mawili yamewekwa sura moja kwa sababu ni jambo moja. Musa asipogawa kazi, Sipora atabaki kwa baba yake.

Mwalimu mwenzangu Mwislamu, ambaye binti wa kaka yake aliokolewa na akina mama hawa hawa, alinisimulia ya kwao baada ya barua ile kusomwa. Mtume aliwafanya maswahaba wake wawili, Salman na Abu Dardaa, kuwa ndugu. Salman alipokwenda kumtembelea Abu Dardaa akamkuta mkewe amevaa hovyo, hajijali. Akamuuliza kulikoni, mama akajibu kwamba ndugu yako hana haja na dunia hii. Abu Dardaa alikuwa akifunga mchana na kusali usiku. Salman akakataa kula mpaka naye ale, akamzuia kusimama usiku mpaka ulipobaki ukingoni, wakasali pamoja, ndipo akamwambia kwamba Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, na ahali yako wana haki juu yako, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Mtume alipoambiwa akasema Salman amesema kweli. Kilichonigusa ni kwamba mambo yote yalianza kwa mgeni kumtazama mke wa rafiki yake na kumuuliza ana nini. Viongozi wetu wa dini wakija nyumbani kwetu humtazama anayefanya kazi yao tu.

Kuna lingine ambalo sijaliona likiandikwa popote, nami nitaliandika kwa heshima. Mke wangu amewahi kukaa zahanati usiku kucha amemshika mkono binti aliyekuwa akivuja damu. Akirudi kutoka mahali kama hapo hataki kuguswa. Huoga, huketi kitandani, huangalia ukuta. Mwanzoni hakuweza kusema, na mimi sikuwa nimefundishwa na mtu yeyote kwamba hali hiyo ipo. Tumehudhuria semina za ndoa parokiani, tumeelezwa juu ya msamaha, matumizi ya fedha na uzazi wa mpango wa asili, lakini hakuna aliyetuambia nini kinampata mwanamke anayebeba machungu ya aina hii ya wanawake wenzake, wala mume wake afanye nini usiku huo. Sisi tulijifunza wenyewe. Namwacha anyamaze, nalala chini na watoto kama anataka kitanda peke yake, na siku akiongea nasikiliza mpaka mwisho bila kumpa ushauri. Wapo wanandoa wengine wa kazi hii ambao hawakufika hapo, na nawajua. Mume mmoja alihama. Watu wakasema mke alipenda kuzurura.

Na hapa nimwambie msomaji mwenzangu jambo kwa udugu. Kwa nini hukuandika kuhusu wanaume? Katekista anazunguka vigango, anakuwa kwenye kamati ya haki na amani, anasuluhisha ugomvi wa ardhi kati ya koo, na mkewe analima peke yake kuanzia palizi hadi mavuno. Hakuna anayemwambia akae nyumbani. Anaitwa mtumishi, na mkewe anaitwa mvumilivu. Paulo alipomwandikia Timotheo kwamba asiyejua kuisimamia nyumba yake hawezi kulitunza kanisa la Mungu, alikuwa anazungumza juu ya wanaume. Tukianza kuhesabu nyumba, tuanze na hizo pia.

Wapo watakaosema haya ni madai ya kupunguza kasi, na ukeketaji hausubiri. Nimeyafikiria. Takwimu za afya za taifa zinaonyesha waliokeketwa kati ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa asilimia 10 katika utafiti wa 2015-16, na asilimia 8 katika ule wa 2022. Kwa mkoa wa Mara peke yake ni kutoka asilimia 32 hadi 28. Tunashinda, lakini polepole, na yeyote anayejua hesabu anaona kwamba watakaoimaliza kazi hii bado wako shule ya msingi. Tunahitaji akina mama watakaodumu miaka ishirini, wakiwa na ndoa zao na watoto wasiolichukia kanisa kwa kuwanyang'anya mama yao. Mama anayewaka misimu miwili kisha akazimika, nyumba imevunjika na afya imekwisha, wazee wa mila humtumia kama mfano. Nimewasikia kwa masikio yangu wakisema kwenye kikao cha ukoo, "Mtazameni yule, alitufundisha kuishi, yeye mwenyewe yuko wapi?"

Kwa hiyo ombi langu kwa parokia za Tarime, Serengeti, Rorya na Butiama, na kwa misikiti na makanisa mengine yanayofanya kazi hii, ni kwamba ifikapo Oktoba, kabla ya zile Siku 16 za kupinga ukatili zinazoanza Novemba 25, mtuite wanandoa pamoja. Siyo kumwita mama peke yake na kumkabidhi ratiba. Tuulizwe nani yuko tayari kwenda, kwa muda gani, na nani anabaki. Jumuiya ndogo ndogo zetu zinajua kuchangia msiba na harusi. Zinaweza pia kupanga zamu ya kulala na watoto ambao mama yao yuko kituoni, hasa kama wana binti wa umri ule na bibi au shangazi anayesubiri nafasi. UWAKA, yaani chama cha wanaume Wakatoliki ambacho mimi ni mwanachama, tunaweza kuchukua zamu za usiku za usafiri, kwa sababu si lazima anayempeleka binti polisi awe mwanamke kila mara. Na asikae kituoni mama mmoja Noeli mbili mfululizo. Wapo wengi walioelimishwa, waitwe.

Kuna pia Domenika ya Familia Takatifu, ile inayofuata Noeli, ambayo kwetu wanandoa husimama mbele ya altare kurudia ahadi zao. Msimu uliopita nilisimama na watoto watatu, na mahali pa mke wangu hapakuwa na mtu, kwa sababu alikuwa anafanya kazi aliyotumwa na altare ile ile. Naomba siku hiyo Misa moja isomewe kituoni, na waume na watoto wa wanaohudumu tupelekwe huko. Gari la parokia lipo. Mabinti waliokimbia nyumbani kwao nao wataona baba anayemshika mkono mama yao aliyewalinda, jambo ambalo baadhi yao hawajaliona.

Mke wangu yuko tayari kwenda tena msimu ujao. Nimeshamwambia mama yangu mapema kwamba wajukuu watakula sikukuu hapa, na kwamba yeye ndiye mgeni wetu wa heshima, aje bila kanga. Amesema atafikiria. Barua ya kuomba kikao cha Oktoba tumeipeleka ofisini kwa paroko, tumeisaini wote wawili, na tunasubiri jibu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa sekondari,
Tarime, Mara.
(Jina limehifadhiwa kwa ombi la mwandishi)